Je, nchi iliyoshambuliwa bado inafungwa na mkataba wa nyuklia?

SWALI: Ndugu Mhariri, baada ya Iran kushambuliwa Juni 2025, Bunge lake lilipitisha sheria ya kusimamisha ushirikiano na wakaguzi wa nyuklia. Je, hiyo ina maana kwamba imejitoa katika Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia?

JIBU: Hapana, ndugu msomaji, na tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyosikika redioni. Kujitoa kuna utaratibu wake katika Kifungu cha 10: nchi hutoa taarifa miezi mitatu kabla, kwa wanachama wenzake na kwa Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, ikieleza matukio yasiyo ya kawaida yaliyohatarisha maslahi yake makuu, njia ambayo Korea Kaskazini ilidai kuifuata mwaka 2003. Sheria ya Iran haikuwa taarifa ya namna hiyo. Kwa hiyo wajibu wake wa kukaguliwa ulibaki palepale, hata baada ya mabomu kuanguka Natanz na Fordow, vituo vyake vya kurutubisha urani.

Lakini wajibu wa maandishi hauhesabu madini. Kabla ya vita, Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki lilikadiria kuwa Iran ilikuwa na zaidi ya kilo 400 za urani iliyorutubishwa hadi asilimia 60 (kadiri asilimia inavyopanda, ndivyo urani inavyokaribia kufaa kwa bomu), ilhali makubaliano ya mwaka 2015 kati ya Iran na mataifa makubwa yaliweka kikomo cha asilimia 3.67, na wakaguzi wakishaondoka, hakuna mtu wa nje anayeweza kuthibitisha ziko wapi. Kwa maoni yangu, hapo ndipo diplomasia inapopaswa kuanzia: kuwarudisha wakaguzi wakiwa na uhakika wa usalama wao, kabla ya kujadili vikwazo au jambo lingine lolote.