Kwa anayeanza kuonja bia chachu za pipani

Funda la kwanza halikufundishi kitu. Mdomo uliozoea bia ya kawaida unashtuka, mate yanajaa, na neno linalokuja ni moja tu: kali. Usiliandike. Kunywa maji, subiri dakika moja, urudi kwenye glasi. Laga nyingi zina pH, yaani kipimo cha asidi ambacho namba ikishuka asidi inapanda, ya 4.2 hadi 4.5 hivi, na bia chachu iliyokomaa kwenye pipa mara nyingi huwa kati ya 3.0 na 3.6. Kila namba moja kamili kwenye kipimo hicho ni tofauti ya mara kumi, kwa hiyo kinywa chako kina haki ya kulalamika. Funda la pili humaliza mshtuko. La tatu ndilo la kushikia kalamu.

Wengi wanaoketi mara ya kwanza kwenye meza ya kuonja hubishana bia ina uchachu kiasi gani. Jifunze mapema kuuliza swali jingine: uchachu huu umetoka wapi? Kiasi chake hupimwa na mashine, tena vizuri kuliko ulimi wako. Asili yake ndiyo kazi yako, kwa sababu anayechanganya mapipa anataka kujua ni kiumbe gani kimefanya kazi humo ndani na kama kimepita mipaka.

Asidi kubwa ni mbili. Asidi ya laktiki hutengenezwa na bakteria wa Lactobacillus na Pediococcus, na ndiyo hiyo hiyo ya mtindi. Ni laini, hutanda juu ya ulimi mzima, na karibu haina harufu. Asidi ya asetiki ni ya siki, na pua huijua kabla ya ulimi: inachoma puani, kisha inakwaruza kooni baada ya kumeza. Basi ukitaka kuzitenganisha, anza na pua. Bia ikiwa chachu sana mdomoni lakini puani imetulia, hiyo ni laktiki. Ikikupiga pua kabla hujainua glasi vizuri, siki imo.

Hili halisomwi kwenye karatasi likaeleweka. Chukua laga nyepesi isiyo na harufu nyingi, gawanya kwenye glasi tatu. Moja tia matone ya asidi ya laktiki ile inayouzwa kwa matumizi ya chakula, ya pili tia siki nyeupe kidogo, ya tatu iache kama ilivyo. Mwombe mwenzako azihamishe nafasi usizione, kisha unuse bila kuonja. Ukishazipata zote bila kubahatisha, punguza vipimo uanze tena. Zoezi hili linachosha na halina raha yoyote, na sijaona njia nyingine inayofundisha haraka hivyo.

Kwa nini siki inatokea? Mwaloni, mbao ya mapipa haya, hupitisha hewa kidogo kidogo, na bakteria wa siki hawawezi kufanya kazi bila oksijeni. Pipa lililoachwa na nafasi juu, au ambalo kizibo chake kimefunguliwa mara kwa mara, huelekea huko. Lakini usikimbilie kuiita kasoro. Bia nyekundu za Flanders, Ubelgiji, kama zile za kiwanda cha Rodenbach mjini Roeselare, hukomaa kwenye matangi makubwa ya mwaloni na kisha bia ya zamani huchanganywa na changa. Siki kidogo pamoja na harufu ya cheri ni sehemu ya tabia yake. Siki ya kiwango hicho hicho kwenye gueuze, ambayo ni mchanganyiko wa lambiki (bia za Ubelgiji zinazochachushwa na hamira na bakteria wa hewani) za mwaka mmoja, miwili na mitatu, ingenifanya nikunje uso. Jua kwanza mtengenezaji alikusudia nini, ndipo useme.

Kuna harufu moja ya kuogopwa, nayo ni ya dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Hiyo ni asetati ya ethili. Kwa dokezo dogo sana hufanana na tunda. Ikizidi hapo, kuchanganya hakutaiokoa, maana utaharibu mapipa mazuri ukijaribu kulificha baya.

Mgeni mwingine wa puani ni Brettanomyces, hamira iliyoelezwa mwaka 1904 na N. Hjelte Claussen wa maabara ya Carlsberg, Copenhagen, alipokuwa akichunguza bia za Uingereza. Huleta harufu ya ngozi, nyasi kavu, zizi la farasi, pengine nanasi. Wanaoanza huikuta harufu ya zizi wakaibebesha lawama za uchachu wote, kumbe hamira hii si mtengenezaji mkuu wa asidi. Kazi yake kubwa ni kula sukari ambazo hamira ya kawaida imeshindwa, ndiyo sababu bia hizi huwa kavu na nyepesi mdomoni kuliko rangi yake inavyoahidi. Usiandike kwamba imepungukiwa utamu. Ulikuwepo, ukaliwa.

Pipa lenyewe utalijua kwa ukakasi, ule mkauko kwenye fizi na ndani ya mashavu. Ukakasi si uchachu: asidi huleta mate, tanini za mwaloni, zile zinazokausha mdomo kama chai ya rangi iliyokolea, huyakausha. Chunguza mashavu yako sekunde chache baada ya kumeza. Pipa lililowahi kuwa na divai, kwa kawaida la lita 225 hivi, huwa limeshatoa sehemu kubwa ya ladha ya mbao, hivyo linaiachia asidi nafasi. Mapipa ya bourbon, wiski ya Marekani, ya lita 200 hivi, hupatikana kwa urahisi kwa sababu sheria ya Marekani inataka bourbon ikomazwe kwenye mwaloni mpya uliounguzwa, kwa hiyo likishatumika inabidi litafutiwe mnunuzi. Huja na vanila na nazi nyingi. Wapo wanaozipenda bia chachu zilizolala humo. Kwangu mimi vanila na asidi hugombana, na anayeumia ni mnywaji.

Glasi iwe ya tumbo pana na mdomo mwembamba, bia iwe kwenye nyuzi 8 hadi 13 za Selsiasi. Chini ya hapo harufu zinalala. Povu likitoweka haraka usilikatie alama. Kwa bia zenye asidi nyingi ni jambo la kawaida.

Siku utakayoitwa kuonja moja kwa moja kutoka kwenye pipa, usiguse kizibo. Vinnie Cilurzo wa kiwanda cha bia cha Russian River, California, ndiye aliyeeneza mbinu ya kupigilia msumari wa chuma kisichoshika kutu kwenye uso wa pipa: unauchomoa, bia inachuruzika kwenye glasi, unaurudisha. Utando ambao hamira na bakteria huutandaza juu ya bia haupasuki na hewa haiingii. Usishangae ukikuta bia nzito inayovutika kama ute wa yai. Hiyo ni kazi ya Pediococcus, na Brettanomyces ikiwemo huimaliza kwa miezi kadhaa. Andika namba ya pipa, tarehe, na neno moja: subiri.

Kasoro inayowapita wengi haipatikani puani kabisa. Ni ladha ya kizimba cha panya, inayotokana na tetrahaidropiridini. Ndani ya bia yenye asidi kali kemikali hiyo haipandi hewani. Hadi mate yapunguze asidi mdomoni ndipo inajitokeza, sekunde kumi, ishirini, au zaidi baada ya kumeza. Anayetema haraka na kushika glasi inayofuata hataikuta. Tena kuna watu wasioihisi kabisa, hata ikiwa imejaa, kwa hiyo mezani wasiwe chini ya watatu, na ujue mapema wewe uko kundi gani. Ikionekana baada ya kujaza chupa, mara nyingi hufifia chupa zikipewa miezi. Usipitishe hukumu ya kumwaga siku hiyo hiyo.

Kati ya glasi na glasi tumia maji na mkate mkavu usio na chumvi. Zaidi ya bia sita au saba za namna hii kwa kikao kimoja, unachoandika ni uchovu wa ulimi wako. Na ukifika nyumbani usikimbilie mswaki: asidi imelainisha ngozi ya juu ya meno, na brashi itaikwangua. Sukutua kwa maji, acha ipite saa nzima.