Barua kwa mwanangu kuhusu bastola ya kushindilia

Mpwapwa

Mwanangu mpendwa,

Mbukwa. Sisi huku hatujambo, mama yako anakusalimu, na mtama umeshika vizuri ingawa mvua zimekatika mapema.

Umeniandikia kwamba umewaona kwenye simu mafundi wa Marekani wakitengeneza bastola ya kushindilia baruti katika karakana zao za nyumbani, kwa tupa, patasi na subira, na ukaniuliza kama mimi na wewe tunaweza kutengeneza moja utakapokuja likizo, kwa kuwa vifaa ninavyo, kazi ya chuma nimeifanya maisha yangu yote, na marehemu babu yako alikuwa na gobore. Umeongeza kwamba silaha ya kizamani kiasi hicho huenda sheria haina habari nayo. Jibu langu ni kwamba hatutaitengeneza, wala sipendi uitengeneze mahali pengine popote. Hata hivyo swali lako si la kipuuzi, na fundi anayekatazwa bila kuelezwa sababu huenda akajaribu kwa siri, kwa hiyo nitakueleza kwa kirefu.

Nianze na sheria, kwa kuwa sehemu hiyo ni fupi. Wale uliowaona wanaishi chini ya sheria ya nchi yao ya mwaka 1968, ambayo haizihesabu kuwa silaha za kawaida zile bunduki zilizotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake, pamoja na nakala nyingi za bunduki za kushindilia zinazotumia baruti nyeusi. Ndiyo maana kule mtu hununua vipande vilivyokwisha kuchongwa nusu, mtutu ukiwa tayari umetoka kiwandani, naye akamalizia kazi ya mbao na tupa mezani kwake. Kwetu hakuna mwanya wa namna hiyo. Sheria yetu ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 hailiachi gobore nje kwa sababu ya uzee wake. Kulimiliki kunahitaji kibali, na kutengeneza silaha bila leseni ni kosa la jinai, na fundi hawezi kujitetea kwamba alikuwa akijifunza. Unajua pia mahali tunapoishi. Pori la akiba la Swagaswaga limo ndani ya mkoa wetu, la Rungwa haliko mbali nao, na silaha ambayo askari wa wanyamapori huikuta mara kwa mara mikononi mwa majangili wadogo ni hilo hilo gobore la kienyeji. Atakayekukuta nalo hatauliza kwanza kama wewe ni mpenda ufundi.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, ambalo kwangu lina uzito hata kuliko sheria, nalo ni mtutu.

Umeandika kana kwamba bastola ya namna hiyo ilikuwa kazi ya mtu mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Katika miji iliyosifika kwa kazi hiyo haikuwa hivyo. Kule Birmingham, Uingereza, ambako bunduki nyingi zilizoletwa Afrika zilitoka, mtutu ulikuwa na fundi wake, mtambo wa kufyatulia ulikuwa na mwingine aliyekaa na tupa mchana kutwa, tako la mbao lilichongwa na mwingine, na yuko aliyekuwa akiviunganisha vyote. Hali ilikuwa hiyo hiyo kule Liège, Ubelgiji. Jambo ninalotaka ulishike ni kwamba hata huyo fundi wa mitutu, ambaye alizaliwa katika kazi hiyo na kuifanya hadi uzee, hakuachiwa kuuhukumu mtutu wake mwenyewe. Chama cha mafundi bunduki wa London kilipewa hati ya mfalme mwaka 1637, na ukaguzi wa mitutu ukawa mojawapo ya kazi zake kubwa. Birmingham ikapata nyumba yake ya ukaguzi kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1813. Mtutu ulipelekwa huko, ukashindiliwa kwa mara moja baruti nyingi kuliko kipimo chochote utakachotiwa baadaye, ukafyatuliwa ndani ya chumba kilichofungwa, watu wakiwa nje. Uliopasuka ulitupwa. Uliosalimika ulikaguliwa tena kwa macho na vipimo, kisha ukagongwa muhuri. Nyumba hizo zipo na zinafanya kazi hiyo mpaka leo.

Kwa nini walijisumbua kiasi hicho? Kwa sababu ufa wa ndani ya chuma hauonekani, na mikono ya fundi, hata iwe mizuri namna gani, haiwezi kuuona. Baruti inapowaka ndani ya mtutu hugeuka gesi na moshi kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na msukumo wake hupiga kila upande kwa mara moja. Bomba la maji, ambalo ndilo wengi hulikimbilia, limetengenezwa livumilie msukumo wa maji usiobadilika sana, na mara nyingi lina mshono wa kuchomelea uliopita urefu wake wote. Tena baruti nyeusi huacha masizi yanayovuta unyevu hewani na kula chuma upesi, hivyo bomba lililovumilia mwaka huu si lile lile litakaloshikwa mwakani. Aliyewahi kufyatua mara kadhaa akasalimika hudhani amethibitisha jambo, kumbe kila mara chuma kilizidi kuchoka.

Mzee mmoja wa kijijini kwa mama yako, ambaye sitamtaja jina, alikuwa na gobore la bomba kama hilo, na nililiona baada ya kupasuka. Mpasuko ulifuata mshono ukiwa umenyooka kabisa, kuanzia karibu na kitako hadi mbele ya mahali ambapo mkono wa kushoto hukaa, na kingo zake zilikuwa zimekunjuka kwa nje kama ganda la maharage lililokauka juani. Ndani ya kingo hizo chuma kilikuwa na rangi mbili: sehemu nyembamba iliyong'aa, ambayo ndiyo iliyovunjika siku hiyo, na sehemu pana yenye kutu nyeusi, ambayo ilikuwa imekwisha kuachana siku nyingi kabla, naye akiendelea kuliamini. Mzee alipona, lakini tangu siku hiyo jembe hulishika kwa vidole viwili na kiganja. Na kwa bastola hali ni mbaya zaidi kuliko kwa bunduki ndefu, kwa maana mtutu wake uko juu tu ya ngumi ya anayeishika, karibu na uso.

Hapa nyumbani nina jiliwa, fuawe, tupa za kila namna na mashine ya kuchomelea, lakini sina nyumba ya ukaguzi, wala hakuna mtu wilayani mwetu ambaye ningempelekea mtutu nilioutengeneza akaniambia kwa haki kuwa unafaa au haufai. Kazi ambayo kosa lake halionekani mpaka limemjeruhi mtu haifai kufanywa na mtu asiye na mkaguzi. Nimewafundisha vijana wengi kuchomelea mageti, matela ya ng'ombe na matangi ya maji, na katika hizo zote nimewaachia wakosee, kwa sababu tangi likivuja unaliona likivuja.

Kuhusu gobore la babu yako, nadhani umekua ukilisikia kwa namna ya hadithi tu, kwa hiyo nikueleze lilikotoka. Karne ya 19 barabara ya misafara kutoka Bagamoyo ilipita hapa hapa Mpwapwa. Wapagazi walipumzika na kuteka maji kabla ya kuvuka nyika ya Marenga Mkali na kuingia Ugogo, ambako watemi walidai hongo kabla ya kuruhusu msafara kwenda mbele, kuelekea Tabora na Ujiji. Bunduki za kushindilia zilipita katika njia hiyo kwa wingi, hasa majeshi ya Ulaya yalipohamia bunduki zinazotiwa risasi kwa nyuma na zile kuukuu zikauzwa kwa bei ya chini. Mirambo, aliyefariki mwaka 1884, mtemi wa Wanyamwezi, alijenga nguvu zake kwa rugaruga, yaani askari wake, wenye silaha za aina hiyo. Isike wa Unyanyembe alipozingirwa na Wajerumani mwaka 1893 alijilipua kwa baruti ndani ya ngome yake, jambo linalokuonyesha ni akiba kiasi gani ya baruti iliyokuwapo bara wakati huo.

Kisha yakaja makubaliano ya Brussels ya mwaka 1890, ambayo nayaona ni muhimu kuliko vita vyenyewe katika kuieleza hali ya leo. Mataifa ya Ulaya yalikubaliana kuzuia bunduki za kisasa zisiingie sehemu kubwa ya Afrika, lakini yakaacha nafasi, kwa masharti, ya kuuza bunduki za gumegume, yaani zinazowashwa kwa cheche za jiwe, zisizo na michirizi ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Mwafrika akaachiwa silaha ambayo Ulaya ilikuwa imekwisha kuitupa. Ndiyo maana gobore lilidumu vijijini muda mrefu kiasi hiki, na babu yako akalikuta bado ni chombo cha kufukuzia nguruwe na nyani shambani. Wahunzi wetu walilitunza. Walibadilisha tako lililovunjika, wakanyoosha springi, wakafua misumari ya mtambo. Lile la babu yako lilikuwa na mtutu wa kigeni na tako la mninga lililochongwa huku. Alilisalimisha polisi yeye mwenyewe, akiwa bado na nguvu zake, na hakulijutia.

Sasa, najua kwamba kilichokuvutia si mlio wala risasi. Umeandika aya nzima kuhusu namna fundi yule alivyozamisha mtambo ndani ya mbao hata unyoya usipite katikati, na nilipoisoma aya hiyo nilifurahi sana, kwa sababu hapo ndipo ufundi ulipo, na hapo hapana haja ya mtutu. Wachongaji wa matako ya bunduki walikuwa wakipaka kipande cha chuma masizi ya taa, wakakikandamiza juu ya mbao, wakakiondoa. Palipogusa pakabaki doa jeusi. Fundi aliondoa doa hilo tu kwa patasi kali, unyuzi mwembamba unaopitisha mwanga, akapaka tena, akakandamiza tena, mpaka mbao ikawa nyeusi kila mahali kwa usawa. Hakuna mashine inayokufundisha kusikiliza mbao kama kazi hiyo. Utaitumia katika bawaba, katika kufuli la kabati, katika kichwa cha zeze.

Nilichokifikiria ni hiki. Tuchonge mfano wa mtambo wa gumegume kwa mninga mtupu, mkubwa mara tano ya mtambo wa kweli, uliolazwa juu ya ubao mpana, bila mtutu, bila kishikio, bila kitu chochote kinachoweza kumtisha mtu au kuchukuliwa kuwa silaha. Nyundo yake iwe na urefu wa mkono wako kuanzia kiwiko, kibao cha kupigia jiwe kifunguke kama mfuniko, na kifa, kile kisahani kidogo cha baruti ya kuwashia, kionekane wazi chini yake. Ndani tutaonyesha gurudumu lenye meno mawili, moja la kusimamisha nyundo nusu na jingine la kuisimamisha mpaka mwisho. Mwanafunzi akivuta ataona kwa macho yake namna nguvu inavyowekwa akiba na kuachiliwa. Mwalimu wa fizikia wa sekondari ya hapa, niliyemdokezea, ameniambia angependa kuwa nao darasani. Nitawaarifu pia polisi wa kituo chetu kabla hatujaanza, kwa maandishi, pamoja na mchoro, ili asije mtu akasikia nusu ya habari na kuipeleka kwingine.

Springi ndiyo itakayotusumbua, kwa kuwa ya mbao haitakubali kurudi kwa nguvu. Nina kipande cha bamba la chuma kutoka springi ya gari kuukuu. Tutakipasha moto, tutakizimisha katika mafuta, kisha tutakirudisha motoni polepole tukitazama rangi yake ikipita kwenye manjano, ikawa ya zambarau, ikafika buluu, na hapo hapo tukiondoe. Sekunde chache kabla yake kitakatika, na sekunde chache baada yake kitalegea. Hilo sitaki ulione kwenye simu. Nataka ulifanye wewe, mimi nikiwa nimesimama nyuma yako.

Ukija, pitia SIDO, lile shirika la viwanda vidogo, pale Dodoma uulize kama wana tupa nyembamba za pembetatu, kwa maana zangu zimekwisha makali, na uniletee na msasa laini. Mninga upo kwa seremala wa sokoni, ubao mmoja mpana usio na fundo, naye ameniahidi kunishikia. Niandikie mapema tarehe yako ya kuja, ili nimlipe asije akamuuzia mtu wa milango.

Ni mimi baba yako.