Jibu: Temeraire, nianze na kitabu cha nne?

Ndugu, umeuliza kama unaweza kurukia kitabu cha nne cha Temeraire, mfululizo wa riwaya za Naomi Novik ambamo majoka hupigana vitani, kwa kuwa ndicho kinachofika Afrika. Usifanye hivyo. Anza na cha kwanza, kilichotoka 2006: nahodha Laurence wa jeshi la majini la Uingereza anateka meli ya Wafaransa wakati wa vita vya Napoleon, ndani anakuta yai la joka, na joka likianguliwa linamchagua yeye. Kazi yake ya baharini inaishia hapo hapo, maana sasa lazima apigane akiwa na joka lake. Urafiki wao ndio moyo wa hadithi. Usipouona ukikua, cha nne kitakupa vita tu.

Lakini cha nne nacho, jamani! Majoka ya Uingereza yanaugua, dawa inatafutwa Rasi ya Tumaini Jema, na huko wanakutana na Watswana, ambao kwao joka ni mzee wa ukoo aliyezaliwa upya. Majoka hayo ya Watswana yanashuka pwani kuvunja bandari za biashara ya utumwa. Hakuna sehemu iliyonigusa kama hiyo katika vitabu vyote tisa. Cha tano kinaendelea moja kwa moja, kwa hiyo uwe nacho karibu.