Kabla hujalipia visahani hivyo, uliza kilicho chini ya chuma

Usilipe. Umeandika kwamba Jumatatu unapeleka benki fedha ambazo mjomba wako wa Igunga amekuchangia baada ya kuuza pamba, ili ununue visahani 25 vyembamba vya silikoni, ile ya kutengenezea chipu za kompyuta, vilivyokwisha kupakwa chuma, uende navyo kwenye maabara uliyopewa kwa miezi 4, ukaoteshe nanotyubu za kaboni, yaani mirija ya kaboni myembamba mno, zilizosimama wima na kuzisokota ziwe uzi. Umeuliza utumie gesi gani, mota ya kusokotea izunguke kwa kasi gani, na bomba la tanuri liwe na kipenyo gani. Lakini katikati ya maswali hayo umepachika maneno haya kana kwamba ni jambo dogo: muuzaji amesema chuma kimepakwa moja kwa moja juu ya silikoni, na oksidi ipo. Maneno hayo niliambiwa mimi pia, karibu neno kwa neno, nikayaamini, yakanila miezi 5 kati ya 12 niliyokuwa nayo ng'ambo, pamoja na fedha ambazo mama yangu alizipata kwa kukamua mawese Ujiji.

Oksidi ipo, ndiyo. Silikoni yoyote ikikaa hewani hujivika yenyewe utando wa oksidi, yaani silikoni iliyoungana na oksijeni, wenye unene wa nanomita 1 au 2 (nanomita ni sehemu ya milioni ya milimita), bila kumlipa mtu. Muuzaji wangu hakusema uongo. Alinitajia kitu ambacho kila kisahani duniani kinacho, kwa sauti ya mtu anayenipa zawadi. Utando huo ukiupasha moto hadi sentigredi 750 hauzuii chochote. Chuma kinazama, silikoni inapanda, vinakutana na kuwa silisidi, na silisidi haikuoteshei msitu wa kusokota, maana msitu ndivyo tunavyoita nanotyubu zilizosimama kwa kubanana. Kinachotakiwa ni tabaka la kutenganisha lililowekwa kwa makusudi: ama oksidi ya alumini ya nanomita 10 hivi, ama oksidi ya silikoni iliyokuzwa ndani ya tanuri hadi ikawa nene kweli, si ule utando wa bure.

Nitakueleza kwa nini jambo hili linashinda mengine yote, kwa sababu mimi nilielezwa nikiwa nimeshachelewa. Chuma cha unene wa nanomita 2 hakibaki kuwa utando. Tanuri linapopanda joto huku haidrojeni ikipita, utando huo hukatikakatika na kujikusanya kuwa matone, jinsi mawese yanavyojitenga kuwa viduara juu ya mchuzi wa dagaa. Kila tone lililo hai huzaa nanotyubu moja, na unene wa nanotyubu hufuata ukubwa wa tone lililoizaa. Ukiliacha tanuri likae muda mrefu kabla ya kuingiza gesi yenye kaboni, matone makubwa huwanyonya wadogo wao, tena kama mawese yaleyale, ukabaki na matone machache manene. Tabaka la oksidi ya alumini lililo zuri huyashika matone mahali pake yasitembee ovyo wala yasizame. Bila tabaka hilo, hata ukiwa na tanuri la fedha nyingi na gesi safi kuliko ya hospitali, unapanda mbegu juu ya mwamba.

Halafu kuna suala la kusimama. Nanotyubu hazisimami wima kwa sababu zina nguvu ya kusimama. Zinasimama kwa sababu zimebanana, kama abiria wa daraja la tatu katika treni la Tabora kwenda Kigoma siku za kuelekea sikukuu, ambamo hata mwenye usingizi hana pa kuangukia. Shusha nusu ya abiria, na behewa likiyumba kidogo kila mmoja analala upande wake. Kusokota nako kunategemea msongamano huohuo. Unapovuta fungu moja kwenye ukingo wa msitu, fungu hilo humvuta jirani yake kwa mvuto hafifu wa van der Waals na kwa ncha zilizoshikana juu na chini, naye jirani humvuta wa nyuma yake, mpaka utando mwembamba unatoka mfululizo. Kikundi cha Chuo Kikuu cha Tsinghua kule Beijing kilipoonyesha jambo hili mwaka 2002, kilipata uzi wa sentimita 30 kutoka msitu wenye kimo cha mikromita 100 tu, yaani sehemu ya kumi ya milimita. Unyuzi mmoja wa pamba ya mjomba wako hufika milimita 25, yaani mara 250 ya kimo hicho, kwa hiyo utaona kwamba hapa kinachobeba kazi ni ujirani, wala si urefu.

Sasa sikia nilivyoishi na visahani vyangu. Msitu mzuri ni mweusi tititi na hauna mng'ao, kama mahameli. Wangu ulitoka wa kijivu, wenye mabaka ya hudhurungi, na chini ya hadubini ya elektroni ulionekana kama nywele za mtu aliyeamka sasa hivi. Nikabadilisha mtungi wa gesi. Nikapitisha hewa ndani ya bomba la kwatzi likiwa na moto ili kuunguza kaboni ya zamani iliyoganda ukutani. Nikalaumu unyevu, na sikukosea kabisa, kwa kuwa mvuke mdogo tu wa maji hubadilisha uotaji. Lakini nilifika hatua ya kumtuhumu fundi wa zamu ya usiku kwamba ananifungulia dirisha. Kwa kila kosa nililolibuni nilitumia kisahani kingine. Nilipompigia mama simu kumweleza kwamba bado natoa masizi, aliniuliza kwa upole kama masizi ya jikoni kwake yalikuwa na upungufu gani mpaka nikayafuata kwa ndege. Nilicheka. Baada ya kukata simu sikucheka.

Aliyenitoa gizani ni fundi mzee wa maabara ya jirani, ambaye hakuangalia picha zangu wala jedwali langu la joto. Aliuliza swali moja: chini ya chuma kuna nini? Nikajibu kwa majivuno kwamba oksidi ipo. Akauliza ni nanomita ngapi, na nani aliipima. Nilimwandikia muuzaji siku hiyohiyo. Alijibu baada ya wiki mbili kwamba ni "oksidi ya asili", na kwamba wateja wengine hawajawahi kulalamika. Bwana huyo alijua nanunua kwa ajili ya kuotesha nanotyubu, kwa maana nilimweleza kwa barua ndefu yenye adabu zote, "shikamoo" tu ndiyo ilikosekana. Angeweza kuniuliza swali lile la fundi kwa mstari mmoja. Lakini alikuwa na shehena ya kuondoa, na mimi nilikuwa na haraka na sauti ya mtu anayejua, na haraka ile ndiyo ninayoiona kwenye maandishi yako.

Visahani 4 vya mwisho niliviondoa mwenyewe kwenye hesabu. Nikaomba maabara ile inipakie kwenye silikoni mpya nanomita 10 za oksidi ya alumini kisha nanomita 2 za chuma, nikakata kipande cha sentimita 1, nikakiotesha kwa dakika 10. Kilitoka cheusi. Niligusa ukingo kwa ncha ya wembe na kuurudisha mkono polepole, na kitu kama utando wa buibui kikaufuata wembe, kikaendelea kuufuata hadi mkono wangu ulipogonga mtungi nyuma yangu. Kikundi cha watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas kule Marekani kiliripoti mwaka 2005 kwamba sentimita 1 ya msitu wenye kimo cha mikromita 245 hutoa utando wa karibu mita 3. Nilikuwa nimeisoma takwimu hiyo mara nyingi, lakini siku ile ndipo nilipoelewa kwamba imepimwa na watu.

Kwa hiyo fanya hivi, na mengine yasubiri. Mwandikie muuzaji akutajie, kwa maandishi, kila tabaka kuanzia silikoni kwenda juu, limewekwa kwa njia gani na lina nanomita ngapi. Akijibu kwa neno "oksidi" bila namba, funga mazungumzo. Akijibu vizuri, mwombe kipande kimoja cha majaribio, hata kilichovunjika, umtumie mwenyeji wako wa maabara akioteshe na avute ukingo wake kwa wembe au kwa kipande cha selotepu. Asipime kimo kwanza, avute kwanza. Mimi nilipoteza wiki nzima nikijivunia msitu wa karibu milimita 1 ambao ulikatika kila nilipougusa.

Kuhusu gesi, ethilini na asetilini zote mbili zimewahi kutoa misitu inayosokoteka. Ukichagua asetilini, kumbuka kwamba ndani ya mtungi imeyeyushwa katika asetoni, na mtungi unapokaribia kuisha asetoni nyingi zaidi hutoka nayo, kwa hiyo usiutumie hadi tone la mwisho kama mafundi wa kuchomelea pale Mwanga sokoni.

Ankara uliyotumiwa bila shaka ina mstari wa maelezo ya bidhaa. Unakili hapa kama ulivyo, ufute bei ukipenda, kabla ya Jumatatu asubuhi. Nipo hewani leo usiku kucha, umeme wa Kigoma ukiniruhusu.