Amelipia safari ya gari-nyumba bila kuniuliza. Niende?

*Shangazi, hujambo. Mimi ni mwalimu mstaafu wa historia, nina miaka 62. Mume wangu ana 66, naye amestaafu mwaka jana. Mwezi uliopita alinionyesha karatasi: amekodi gari-nyumba, lile lenye kitanda, jiko na choo ndani, tuzunguke nalo Afrika Kusini Februari ijayo. Ni wiki mbili, na karibu kila siku mji mpya: Stellenbosch, Franschhoek, Robertson, Montagu, Calitzdorp, Oudtshoorn, kisha pwani yote kutoka Knysna hadi Hermanus. Malipo ya awali ameshayatoa kwenye kiinua mgongo chake bila kuniuliza. Yeye anapenda mvinyo, mimi sinywi kabisa. Ninachotamani ni bahari na nyangumi. Leseni ninayo, ila sijashika usukani siku nyingi. Watoto wanasema nina bahati. Lakini kwa miaka 35 mume wangu alikuwa akitoka alfajiri na kurudi usiku, na naogopa kufungiwa naye kwenye kijumba kile usiku na mchana, tukakosa la kuzungumza. Je, mimi ni mke asiye na shukrani?*

*Mwalimu Mstaafu*

Mwalimu, salaam nyingi. Huna kosa la kukosa shukrani. Uliwekewa mezani karatasi iliyokwisha kuandikwa na kulipiwa, ukatakiwa ufurahi. Yeyote angesita, hata safari ikiwa nzuri. Na hii ni nzuri kweli, ndiyo maana nataka uende. Ila usiende kama ilivyopangwa.

Nianze na nyangumi, maana hapo ndipo nilipoiona shida yenu. Nyangumi wanaosogea hadi karibu na majabali ya Hermanus, wale wakubwa weusi wasio na pezi mgongoni, huja pwani ile kuzaa na kunyonyesha kati ya Juni na Novemba. Februari wanakuwa wamesharudi kwenye bahari baridi za kusini. Mumeo amechagua Februari bila shaka kwa ajili ya mavuno ya zabibu, yanayoanza mwishoni mwa Januari na kuendelea hadi Machi au Aprili. Siamini kwamba alikusudia kukunyima nyangumi wako. Hakujua kama unawataka, na hakujua kwa sababu hakuuliza. Angekuuliza swali moja tu, tarehe zingekuwa nyingine.

Kwa hiyo omba tarehe zibadilishwe. Mimi ningechagua Septemba, na si kwa kukupendelea wewe peke yako. Vyumba vya kuonjea mvinyo hupokea wageni mwaka mzima, kwa hiyo yeye atakosa pilikapilika za mavuno tu, mvinyo wenyewe atauonja. Februari bonde la Calitzdorp na Oudtshoorn lina joto kali, na gari-nyumba lililosimama juani mchana kutwa halilaliki vizuri usiku. Huko pwani nako, miezi ya joto huvuma upepo mkali wa kusini-mashariki, na gari lenye kimo kirefu husukumwa nao barabarani. Septemba ina upungufu wake: usiku ni wa baridi, na mvua za majira ya baridi huenda hazijaisha. Bebeni makoti mazito. Lakini nyangumi watakuwepo, na Hermanus huhitaji kupanda mashua ili uwaone. Ipo njia ya miguu juu ya majabali, unatembea na kukaa upendavyo huku wao wako chini yako majini.

Sasa usukani. Hapa sitalegeza maneno. Mpango ulionieleza una dereva mmoja, na dereva huyo ndiye anayekwenda kuonja mvinyo. Kuonja huwa ni glasi kadhaa, kidogo kidogo, na mtu wa miaka 66 aliye likizoni hatemi kila funda kwenye chombo cha kutemea. Sheria ya Afrika Kusini inamruhusu dereva wa kawaida kikomo cha gramu 0.05 za kilevi katika mililita 100 za damu. Shamba moja la asubuhi na jingine la mchana vinatosha kumvusha hapo, na barabara za milimani zina kona na miteremko. Kama anatumia dawa ya presha au sukari, amuulize daktari wake kuhusu mvinyo kabla ya kufunga mizigo.

Najua unafikiri: basi, nitaendesha mimi. Ndiyo, jifunze tena kuendesha, lakini si ili uwe dereva wa mlevi kwa wiki nzima huku ukisubiri nje ya kila chumba cha kuonjea. Hilo litakuchosha na kukutia uchungu kuliko hata kubaki nyumbani. Siku ya mvinyo gari-nyumba libaki kambini. Franschhoek tangu mwaka 2012 kuna tramu maalumu, yaani gari la abiria linalopita kwenye reli, ikisaidiwa na mabasi, inayopitisha wageni kwenye mashamba ya mizabibu. Kwingineko, mkodi teksi. Siku za kuhama ndizo mgawane usukani, asubuhi mmoja, mchana mwingine, na aliyeonja jana usiku asianze.

Hili la wewe kuendesha nalisisitiza kwa sababu ya usalama kwanza. Akiumwa njiani, nani atawatoa hapo? Kagua mkataba uone kama jina lako limeandikwa kama dereva wa pili, maana dereva asiyeandikwa kwa kawaida hana bima. Hakikisha leseni zenu hazijaisha muda. Baadhi ya kampuni huweka ukomo wa umri wa dereva, nalo mliulize mapema. Magari-nyumba mengi ya kukodi hayazidi kilo 3,500, uzito ambao leseni ya gari dogo inaruhusu, kwa hiyo ukubwa wake usikutishe. Mtafute mwalimu wa udereva, ukodi gari refu kama la kubebea mizigo, ufanye mazoezi kwenye uwanja mtupu: kurudi nyuma kwa vioo vya pembeni peke yake, na kukata kona huku ukikumbuka kwamba sehemu ya nyuma ya gari inatupa nje. Na muwe na karatasi mbele yenu yenye kimo cha gari. Matawi na mapaa ya vituo vya mafuta ndiyo yanayoharibu magari haya.

Kama mumeo ana ndoto ya kupanda njia ya milima ya Swartberg juu ya Oudtshoorn, mwambie mapema kwamba ni ya changarawe, na mikataba mingi ya kukodi inakataza magari haya kwenye barabara za vumbi.

Unaniuliza, bila kusema wazi, wewe usiyekunywa utafanya nini kwenye nchi ya mvinyo. Mwalimu wa historia! Stellenbosch ilianzishwa mwaka 1679. Wakimbizi Waprotestanti kutoka Ufaransa walifika Franschhoek kuanzia 1688. Lakini mashamba yale yalilimwa na watumwa, miongoni mwao watu walioletwa kutoka Madagaska na pwani ya Msumbiji, na hadithi yao haipo kwenye lebo za chupa. Njiani kati ya Stellenbosch na Franschhoek kuna Pniel, kijiji kilichoanza mwaka 1843 kama kituo cha misheni kwa watu waliokuwa wametoka utumwani. Utapita mlangoni pake. Simameni. Na pwani, Mossel Bay, ndipo baharia Mreno Bartolomeu Dias alipotia nanga mwaka 1488, na ndipo penye mti ambao nahodha mmoja Mreno aliachia barua ndani ya kiatu mwaka 1500, ikaokotwa na meli za mwaka uliofuata. Wewe ndiye utakayemsomesha mwenzio huko. Sijui ni lini mara ya mwisho alikusikiliza ukifundisha.

Mji mpya kila siku uondoeni kabisa. Kila kuhama ni kuchomoa waya wa umeme, kumwaga maji machafu, kufunga makabati, kufika jioni na kutafuta sehemu tambarare. Wiki mbili za hivyo zingemchosha hata kijana. Mimi ningekaa usiku tatu karibu na Franschhoek, mbili Montagu, kisha nipite barabara ya R62 kupitia Barrydale, Calitzdorp na Oudtshoorn, kama kilomita 300, hadi mji wa pwani wa Wilderness, nikae tatu kando ya Mto Touw kwenye kambi ya hifadhi ya taifa. Mossel Bay mbili. Hermanus nne, na hizo nne usikubali zipunguzwe.

Sasa lile ulilolificha mwishoni mwa barua. Unaogopa mtakosa la kuzungumza. Sitakuahidi kwamba hamtakosa. Miaka 35 mlionana usiku tu, na mkikutana mlizungumzia ada, wagonjwa na misiba. Watoto wameondoka na kazi imeisha, kwa hiyo mazungumzo yale nayo yamekwisha, na mapya hayajazaliwa. Wiki mbili ndani ya gari haziwezi kuyazaa kwa nguvu. Anzeni sasa, mkiwa nyumbani, kwa kutembea pamoja jioni bila simu. Kama hata nusu saa hiyo ni ngumu, ni heri mlijue hapa kuliko Montagu mvua ikinyesha.

Na ndani ya gari wekeni nafasi ya kila mtu kuwa peke yake. Chagueni gari la watu wanne ingawa mko wawili, lenye kitanda kisichokunjwa, ili anayeamka mapema asimwamshe mwenzake kwa kupanga meza. Kila asubuhi mmoja wenu atoke matembezini, mwingine abaki na chai yake. Kumwaga choo ni zamu. Hili la choo lisemeni kabla hamjaondoka. Nimesoma barua nyingi za wanandoa, na kazi ya namna hiyo ikimwangukia mtu mmoja siku zote humkaa moyoni.

Zungumza naye mkiwa wawili, watoto wasiwepo. Mwambie hivi: "Nimefurahi ulinifikiria. Nimeumia hukuniuliza. Kabla hujalipa kilichobaki, naomba tuipange upya safari hii pamoja." Kisha umtajie nyangumi. Usianze na mvinyo, atadhani unamhukumu.

Mwanamume aliyetoa kiinua mgongo chake kwa safari ya watu wawili anataka kuwa nawe, kwa hiyo nadhani atakusikiliza. Asipokusikiliza, usikubali kupakiwa kama mzigo, na wala usimfungie safari yake. Aende wiki ya mashamba na rafiki yake, teksi na tramu zikiwabeba, wewe upande ndege hadi George, ambako kuna uwanja wa ndege, akupokee hapo. Utaanza na pwani. Lakini jina lako liwe kwenye mkataba hata hivyo.