Kuzibwa jino kidogo kidogo kwa taa ya bluu: fundi saketi nakujibu

Mkuu, umeuliza kwa nini daktari alikaa na gego lako dakika arobaini, anaweka kipande kidogo, anamulika taa ya bluu, anaweka kingine, anamulika tena, wakati jirani yako alizibwa kwa mpigo mmoja na akalipa pungufu. Unahisi umevutiwa muda ili ulipe zaidi. Hujapigwa.

Mimi si daktari. Ni fundi elektroniki, kibanda changu kiko karibu na soko la Majengo hapa Dodoma. Ila taa hizo za bluu huletwa mezani kwangu zikisumbua, na gego langu la chini limezibwa mara mbili. Mara ya kwanza (sitataja wapi) tundu lilijazwa lote kwa pamoja, likamulikwa mara moja, nikaambiwa nenda. Nilitoka nimefurahi. Baada ya miezi michache maji ya baridi yakawa yananipiga mpaka sikioni. Daktari wa pili alipofungua, juu palikuwa pagumu kama jiwe, chini pamebaki laini, anapachokoa kwa sindano yake kama ubani uliotafunwa.

Kwa nini chini hapakuganda? Kompoziti ni utomvu wa plastiki uliochanganywa na unga laini wa kioo, na ndani yake mna kemikali inayoamshwa na mwanga wa bluu wa nanomita 470 hivi. Mwanga huo hufifia kadiri unavyozama. Kwa kompoziti ya kawaida, tabaka linatakiwa lisizidi milimita 2, kila moja limulikwe kama sekunde 20, kutegemea nguvu ya taa. Tundu langu lilikuwa na kina cha milimita 5 au 6. Fanya hesabu.

La pili ni kusinyaa. Kompoziti ikiganda hupungua ujazo, asilimia 2 hadi 3 hivi. Unaona ndogo, lakini imegundishwa kwenye kuta nne na sakafu, upande wa juu tu ndio ulio huru. Inaposinyaa inazivuta kuta zote kwa pamoja, na panapozidiwa gundi huachia, ufa unabaki, mate na bakteria wanapata njia. Mama yangu amekulia kwenye tembe, nyumba ya fito na udongo, kule Mvumi, nilipomweleza hakushangaa hata kidogo. Ukikandika udongo mnene kwa siku moja, unapasuka na kuachana na fito. Unakandika mwembamba, unasubiri, unarudia. Ndiyo maana daktari mzuri huweka kipande kwa mshazari, kiguse sakafu na ukuta mmoja, kisishike kuta mbili zinazotazamana.

Hapo kwenye kusinyaa niwe mkweli, wataalamu wenyewe hawajakubaliana. Mwaka 1996 ulichapishwa utafiti wa hesabu za kompyuta ulioonyesha kwamba kujaza kwa tabaka kunaweza hata kuongeza mvuto kwenye kuta za jino. Lakini kwamba mwanga una kina chake hakuna anayebisha, na kwangu hiyo peke yake inatosha.

Udongo na kompoziti vinatofautiana sehemu moja. Udongo unaulowesha kabla ya kandiko la pili. Kompoziti iliyomulikwa hubaki na utando mwembamba unaonata juu, kwa sababu oksijeni ya hewani huzuia uso usigande kabisa, na tabaka linalofuata hushikana na utando huo. Mate yakigusa hapo, kazi imeharibika. Kwa hiyo zile pamba zilizokujaa mdomoni zilikuwa na sababu.

Sasa ya kwangu. Nilitengeneza bodi ya kuendesha pampu ya sola kwa mkulima wa zabibu wa Hombolo. Bodi ya kwanza nililehemu kila kitu usiku mmoja, nikawasha, moshi. Nimeunguza nini? Sijui, kila kitu kilikuwa kimeshikana na kila kitu. Ya pili nilianza na sehemu ya umeme peke yake, nikapima volti 5 zimetulia, ndipo nikaweka chipu na kapasita yake ya nanofaradi 100, kile kipuri kinachoutuliza umeme wa chipu, ikiwa imeikaribia kabisa, nikapima, ndipo relei, yaani swichi inayowasha pampu. Ikakubali.

Baadaye mzee akataka kiongezwe kihisi cha maji ya tangi. Kwa uvivu niliiambia programu ya kuchorea bodi ipange vipuri vyote upya. Iliipeleka ile kapasita mbali na chipu, na chipu ikawa inajizima kila relei inapopiga. Siku tatu natafuta. Siku hizi nafunga kila kilichokwisha kukubali mahali pake, kipya ndicho kinachojitafutia nafasi. Bodi ina huruma lakini, napuliza hewa ya moto na kipuri kinatoka kizima. Jino halina hiyo. Kila unapochimbua kompoziti mbovu unaondoka na kipande cha jino lisilo na ubovu, na langu sasa limebaki na kuta nyembamba kwa ajili ya haraka ya mtu mmoja.

Kuhusu jirani yako, usilinganishe kabla hujajua aliwekewa nini. Amalgamu (kile kizibo cha rangi ya fedha) na simenti ya glasi ayonoma (simenti nyeupe ya unga na maji yake) huganda zenyewe bila kungoja taa. Zipo pia kompoziti zilizotengenezwa kwa tabaka nene la milimita 4 kwa mara moja, na hizo si uchakachuaji.

Wenye kliniki mnaosoma hapa: taa nyingi ninazoletewa haziumwi betri. Kioo cha mbele kimegandwa na mabaki ya kompoziti. Jicho linaona bluu ileile, linadanganywa. Futeni kila baada ya mgonjwa, na mpime nguvu ya mwanga kwa kipimo chake, si kwa kumulika kiganja.

Na wewe mkuu, umesema linauma ukitafuna upande huo tu, baridi halikusumbui. Huenda kizibo kimezidi kimo. Rudi kwa huyohuyo, mwambie akung'atishe ile karatasi ya rangi, apunguze panapoacha doa. Ni kazi ya dakika tano.