Mlianza kugawa wapi?

Kazi yangu ya kwanza ya takwimu niliipata Kanda ya Ziwa, kwenye mradi wa vyandarua. Niliunganisha orodha ya kaya na rejista za zahanati, nikatengeneza jedwali, nikapigwa na butwaa: kaya zenye vyandarua ndizo zilizokuwa na watoto wengi zaidi wenye homa. Nilirudia hesabu mara tatu, namba zikagoma kubadilika. Basi nikasimama mbele ya kikao na projekta yangu, nikaeleza kwa sauti ya mtu mwenye ushahidi kwamba huenda watu wanavulia samaki vyandarua vyetu. Nyuma kabisa alikaa muuguzi wa siku nyingi, anamenya karanga. Akauliza swali moja: "Mwanangu, mlianza kugawa wapi?"

Tulianza na vijiji vya kando ya majaruba ya mpunga. Yaani kulekule kwenye mbu.

Wewe uliyeanza juzi utatumia miezi kujifunza amri za R au Stata, zile programu za takwimu, na ujifunze kweli, lakini siku ile hakuna amri ambayo ingeniokoa. Data yangu ilikuwa safi. Nilichokosa ni habari ya namna vyandarua vilivyowafikia watu, na habari hiyo haikuwa kwenye safu yoyote ya faili. Kwa hiyo kabla hujawasha kompyuta, nenda kamuulize aliyegawa: nani alipewa, nani alikosa, kwa nini. Dereva wa mradi mara nyingi anajua mengi kuliko andiko la mradi.

Ukitoka kwake, chora mishale, hata nyuma ya bahasha. Majaruba yanaleta mbu, mbu wanaleta homa. Majaruba hayohayo ndiyo yaliyofanya kijiji kipewe vyandarua mapema. Ukiona kitu kimoja kinatoa mishale pande zote mbili, umempata mchawi wako. Linganisha kaya za majaruba na kaya za majaruba, za mlimani na za mlimani.

Hapo wengi wetu tunapata kiburi. Mimi nilipojua kudhibiti majaruba, yaani kulinganisha wanaofanana kwa jambo hilo, nikadhibiti kila kilichokuwa kwenye faili: elimu ya mama, bati au nyasi, hata mara ngapi mtoto aling'atwa na mbu usiku uliopita. Athari ya chandarua ikayeyuka yote. Ingebakije? Chandarua kinafanya kazi kwa kuzuia mtoto asing'atwe. Nilimfunga mchezaji miguu, halafu nikalalamika kwamba hafungi magoli. Dhibiti kilichotangulia chandarua. Kilichotokana nacho kiache. Na ukichukua waliofika zahanati peke yao ukawaacha waliobaki nyumbani, jua umeshachagua watu kwa ugonjwa wao, na utaona humo uhusiano ambao mtaani haupo.

Sasa lile linalowakatisha wengi tamaa: unaweza kufanya yote sawasawa na bado usipate jibu moja.

Miaka ya 1990 swali lilikuwa hili: je, kutibu magonjwa ya zinaa kunapunguza maambukizi mapya ya VVU? Mkoani Mwanza watafiti walichukua jamii 12, wakazipanga jozi sita, wakapiga kura. Katika kila jozi, moja iliboreshewa matibabu kwenye vituo vyake vya afya, nyingine ikasubiri. Matokeo yalitoka mwaka 1995. Ndani ya miaka miwili, maambukizi mapya yalikuwa asilimia 1.2 kwenye huduma bora na 1.9 kwa waliosubiri, punguzo la karibu asilimia 40. Wilayani Rakai, Uganda, wenzao waligawa dawa nyumba kwa nyumba kila baada ya miezi 10, kwa watu wazima wenye dalili na wasio nazo. Majibu yao yalichapishwa mwaka 1999: maambukizi mapya 1.5 kwa kila watu 100 kwa mwaka, kwa waliogawiwa dawa hizo na kwa kundi la kulinganisha vilevile. Hakuna tofauti.

Nilipoyasoma mara ya kwanza nilitaka sana mmoja wao awe amekosea. Lakini tazama kwa karibu. Mwanza, mtu akiona dalili leo, kituo kiko wazi leo. Rakai, dawa zilipita, zikaondoka, zikarudi baada ya miezi 10. Rakai janga lilikuwa limekomaa, karibu asilimia 16 ya watu wazima wakiishi na VVU. Mwanza ilikuwa kama asilimia 4. Virusi vikishaenea hivyo, havihitaji tena sana msaada wa kisonono ili visambae. Na sehemu kubwa ya vidonda vya Rakai ilitokana na herpes, ugonjwa wa virusi ambao antibiotiki haiugusi. Kwa maneno mengine, kila upande ulijibu swali lake, na maswali hayakuwa mamoja.

Ndiyo maana nakuomba usiridhike na ile pambizo ya makosa ambayo programu inakutolea chini ya jedwali. Ile inazungumzia bahati ya sampuli tu. Haijui majaruba, wala haijui kama kilichofanya kazi huku kitafanya kazi ng'ambo.

Baada ya mwaka mmoja hivi utaugua ugonjwa mwingine, wa kukataa kila kitu. Mwenzio akileta grafu, unamkatisha: kwenda pamoja si kusababishana! Huo ni uvivu uliovaa miwani. Hakuna aliyewapigia watu kura ya kuvuta sigara, na bado tunajua kwamba sigara huleta saratani ya mapafu. Wapinzani waliposema pengine kuna jambo la kuzaliwa nalo linaloleta uvutaji na saratani ya mapafu pamoja, mtakwimu Mmarekani Jerome Cornfield na wenzake mwaka 1959 waliwajibu kwa hesabu: kama wavutaji wana hatari mara tisa, basi hilo jambo la siri lazima liwe limeenea kwa wavutaji angalau mara tisa kuliko kwa wengine. Lilete tulione. Jiulize hivyohivyo kuhusu tokeo lako: mchawi asiyeonekana angehitaji nguvu kiasi gani kulifuta? Mimi napenda pia kupima kitu ambacho chandarua hakiwezi kukizuia, kama kuvunjika mguu. Hesabu zikionyesha kwamba vyandarua vyangu "vinakinga" miguu, narudi kwenye bahasha.

Ripoti yangu ya pili niliiandika hivi: "Kaya zenye vyandarua zina homa chache kuliko majirani zao wa kijiji kilekile. Tunaamini chandarua ndicho sababu, mradi tu waliokosa walikosa kwa kuwa gari liliishiwa mzigo, si kwa kuwa hawakutaka." Mkuu wa mradi alikata "mradi tu" na yote yaliyofuata kwa kalamu nyekundu, mfadhili, alisema, hapendi maneno ya wasiwasi. Siku mbili baadaye akanipigia simu. "Kijana, hao waliokosa, orodha yao tunayo?"

Sisi hatukuwa nayo. Muuguzi alikuwa nayo, kwenye kauntabuku lake, na pembeni ya kila jina ameandika sababu.